Kasoro za Kiwandani: Mafumbo ya Camaro ya 1969

Wahenga walinena kuwa nyumba usiyolala ndani hujui hila yake. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipata likizo ya Aprili katika gereji ya mjomba wangu, tena nikiwa nimeinamisha kichwa kwa aibu. Naomba kwanza nikusimulie kidogo yaliyonifika, kisha nikupeleke mbali hadi Marekani, maana huko ndiko nilikopata jibu.

Mjomba ni fundi wa jua kali. Siku hiyo mama mmoja, jirani yetu, alikuwa ameleta pikapu yake kuukuu iuzwe ili apate karo ya wanawe. Mnunuzi akaja na arubuni mfukoni. Mimi nilikuwa nimeshinda pale gereji wiki mbili tu, lakini nilishajiona fundi kamili. Nilipoinua raba ya mlango wa kushoto niliona rangi ya ndani haifanani na ya mlango wa kulia. Chini ya kiti nikaona namba zimeandikwa kwa chaki, nazo hazikupatana na namba yoyote ya gari lile. Basi nikapaaza sauti: "Hili gari limeunganishwa! Haya ni magari mawili!" Yule bwana hakungoja maelezo. Aliaga, akaenda zake na arubuni yake.

Mjomba hakunipiga wala hakunitukana. Alileta logibuku, akanionyesha namba ya chesisi na namba ya injini, moja baada ya nyingine. Zote zilipatana. Kisha akaniambia kuwa ule mlango aliubadilisha yeye mwenyewe, baada ya gari kugongwa na mkokoteni sokoni. Na zile namba za chaki? "Hizo ni za watu wa kiwandani," akasema. "Kijana, macho yako yameona vizuri, ila umesoma vibaya." Pikapu ile iliuzwa majuma matatu baadaye, kwa bei ya chini kuliko ile ya kwanza.

Kwenye ukuta wa gereji kuna picha ya gari la Kimarekani, Camaro ya 1969, ya rangi ya machungwa yenye mistari miwili mipana meupe. Mjomba aliielekeza spana yake pale. "Anza na hilo. Wenye magari hayo hubishana kila siku juu ya mambo kama haya. Nenda ukasome." Nikaenda nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Camaro ilitolewa na Chevrolet, tawi la kampuni ya General Motors, mnamo Septemba 1966, ili ishindane na Mustang ya Ford iliyokuwa imetoka Aprili 1964. Miaka hiyo Wamarekani walikuwa na magari waliyoyaita magari ya misuli. Hayo yalikuwa magari ya kawaida kwa umbo, mengi yakiwa ya milango miwili, lakini chini ya boneti yalitiwa injini kubwa yenye nguvu za kupita kiasi. Camaro za muundo wa 1969 zilikuwa 243,085. Kati ya hizo, 20,302 zilikuwa za aina ya Z/28. Hizi zilikuwa na injini ya inchi za ujazo 302, yaani karibu lita 5, kwa sababu mashindano ya Trans-Am hayakuruhusu injini izidi inchi za ujazo 305.

Sasa, penye urembo ndipo penye urimbo. Leo Z/28 halisi huuzwa kwa bei ya juu mno kuliko Camaro ya kawaida. Walaghai huchukua ile ya kawaida, wakaipaka mistari miwili, wakabandika nembo, kisha wakaiuza kama Z/28. Utauliza, kwani namba ya gari haisemi ukweli? Tuitazame. Chukua namba inayoanza na 124379N. Tarakimu 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya injini ya V8, 37 ni gari la milango miwili lenye paa la chuma, 9 ni mwaka 1969, na N ni kiwanda cha Norwood katika jimbo la Ohio. Kingekuwa kiwanda cha Van Nuys, karibu na Los Angeles, ingeandikwa L. Baada ya hapo hufuata namba ya mfululizo ya tarakimu sita. Basi! Hakuna mahali panaposema Z/28.

Kuna jambo jingine. Gari aina ya Pontiac GTO la wakati huo linaweza kuthibitishwa kwa hati za kampuni, kwa maana kumbukumbu za Pontiac zilihifadhiwa. Chevrolet haikuhifadhi kumbukumbu za kila gari lililouzwa Marekani miaka ile. Kwa hivyo anayetaka kuijua Camaro hana budi kulisoma gari lenyewe: namba zilizogongwa kwenye chuma, vibati, rangi na michirizi. Na hapo ndipo mafumbo yanapoanza.

Fumbo la kwanza ni la tarehe. Nyuma ya bloku ya injini kuna tarehe iliyotoka pamoja na chuma kilipomiminwa kwenye kalibu. Herufi ni mwezi: A ni Januari, B ni Februari, hivyo hivyo hadi L. Kwa hiyo C 10 9 ni tarehe 10 Machi 1969. Mbele ya injini hugongwa namba nyingine, kwa mfano V0318DZ. V ni kiwanda cha injini cha Flint, 0318 ni tarehe 18 Machi, siku injini ilipounganishwa, na DZ ni injini ya Z/28 ya 1969. Nacho kibati cha bodi huonyesha juma ambalo bodi ilijengwa. 04A ni juma la kwanza la Aprili. Ukizipanga utaona zinafuatana vizuri: chuma kwanza, injini pili, bodi na gari mwisho.

Lakini tuseme umekutana na Camaro ya 1969 ambayo bloku yake imeandikwa H 20 8, yaani Agosti 1968. Je, ni injini ya kuokotwa? La. Muundo wa 1969 uliingia sokoni Septemba 1968, kwa hivyo injini zake za kwanza zilimiminwa kabla ya hapo. Tuseme tena umekutana na J 2 9, yaani 2 Oktoba 1969. Mtu anayejua kwamba muundo mpya hutoka Septemba ataapa kuwa injini hii ni ya gari la 1970. Naye atakuwa amekosea. Mwaka huo Camaro mpya ilichelewa hadi Februari 1970, na kiwanda kikaendelea kuunda ile ya 1969 hadi Novemba. Kasoro inayodhaniwa kuwa uongo kumbe ni alama ya mradi uliochelewa.

Na kama injini ina tarehe ya baada ya gari kuundwa? Hapo injini imebadilishwa bila shaka, lakini kubadilishwa si kuiba. Chevrolet ilikuwa ikitoa bloku za badala kwa wateja ambao injini zao ziliharibika dhamana ikiwa haijaisha, nazo ziligongwa herufi CE. Nilipoisoma habari hii niliukumbuka ule mlango wa pikapu.

Fumbo la pili ni la kibati. Kibati hiki kimepigwa ribiti kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mwishoni mwa 1968 kiwanda cha Norwood kilianza kugonga juu yake alama inayoanza na X. X33 na X77 zilikuwa za Z/28. Wapenzi wa Camaro wakafurahi, wakasema: tazama X, maneno yamekwisha. Hayakwisha. Van Nuys hawakuigonga alama hiyo, ingawa walikuwa wakiunda gari lile lile la kampuni ile ile. Nazo Z/28 zilizotoka Norwood kabla ya utaratibu huo kuanza hazina X. Basi ukiona kibati hakina X, usiseme "bandia". Uliza kwanza: liliundwa kiwanda gani, na mwezi gani?

Fumbo la tatu ni la karatasi. Wafanyakazi wa kiwandani walifuata karatasi iliyoorodhesha gari hili litiwe nini: injini gani, gia gani, viti vya rangi gani. Kazi ikiisha, nyingine zilibaki ndani ya gari, labda kwenye springi za viti au juu ya tangi la petroli. Leo mwenye gari akiipata karatasi kama hiyo hufurahi kama aliyeokota dhahabu. Halafu anaisoma na kukuta namba ni ya gari jingine! Hili limewapata wengi. Magari yalikuwa yakipita kwa mfuatano bila kusimama, na mfanyakazi aliyeisukuma karatasi chini ya springi hakujua kuwa kuna mtu atakayeitafuta miaka hamsini baadaye. Karatasi ya jirani imo kwenye kiti chako, na yako huenda imo kwenye kiti cha jirani.

Fumbo la nne ni la rangi na chaki. Mkaguzi akishakaza bolti alipaka tone la rangi ili mwenzake ajue imekazwa. Namba ziliandikwa kwa chaki ya nta kwenye chuma, rangi ilirukia mahali isipotakiwa, mchirizi mmoja ukakaukia pembeni. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi na wa zamu ya jioni hawakuwa na mkono mmoja. Spea nazo zilitoka kwa watengenezaji mbalimbali, na za zamani zilitumiwa hadi ziishe ndipo mpya zikafunguliwa. Ndiyo maana magari mawili yaliyofuatana yanaweza kutofautiana.

Labda utasema, ikiwa kila kasoro ina udhuru, mlaghai atakamatwaje? Swali zuri. Jibu ni kwamba kasoro ya kweli ina sababu inayolingana na mahali na wakati wake, na kasoro ya uongo haina. Uso wa bloku ambapo namba za injini hugongwa ulisawazishwa kwa mashine iliyoacha mistari myembamba sambamba. Mlaghai akitaka kugonga DZ ya uongo hana budi kuzisaga kwanza namba za zamani, na mistari ile hupotea. Kwa hiyo uso unaong'aa kama kioo, wenye namba safi zilizopangika, humtia shaka mnunuzi mwerevu kuliko ule wenye mikwaruzo na herufi iliyoinama kidogo.

Hapo ndipo ninapowasikitikia watu wengine waaminifu kabisa. Anachukua gari lake la zamani ili alirudishe liwe kama jipya. Anaifuta chaki, anaupiga msasa mchirizi wa rangi, anatupa bolti isiyofanana na mwenzake. Gari linapendeza kupita lilivyotoka kiwandani, lakini ushahidi wake amekwisha kuufuta kwa mkono wake mwenyewe. Kiwanda cha Norwood kilifungwa 1987 na cha Van Nuys 1992. Alama ikishafutika, hakuna mlango wa kubisha hodi uulize.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, sisi wengi wetu hatutaiona Camaro ila kwenye picha. Lakini pikapu tunaziona, na watu pia tunawaona. Nimejifunza kwamba ukikuta mambo mawili yasiyopatana usikimbilie kusema uongo umepatikana. Jiulize maswali matatu: hiki kilifanyika wapi, lini, na mikononi mwa nani? Majibu yakipatana, kasoro hiyo ni shahidi wako. Yakikataa kupatana, hapo ndipo useme, tena useme polepole, kwa maana neno likishatoka halirudi.

Baada ya kuyasoma haya nilimwendea yule mama nyumbani kwake nikamwomba radhi. Nilimweleza habari za chaki ya kiwandani, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Akanijibu kwa upole: "Nimekusamehe, mwanangu. Ila siku nyingine uliza kwanza." Tangu siku hiyo mjomba ameniruhusu tena kukaribia magari ya kuuzwa, kwa sharti moja: nikiona kasoro, nimwite yeye pembeni kabla sijafungua kinywa.

Kalamu naiweka chini. Wasalaam.