Goma: Krimu ya chia na machungwa haiombi makala, lakini inaomba maji safi

Katika nyumba nyingi za mji wa Goma, Kivu ya Kaskazini, siku inaanza kwa kuwasha mbabula. Makala, ambayo sehemu kubwa inatoka katika misitu ya mbuga ya Virunga, inakula pesa za familia. Kuna chakula cha asubuhi ambacho hakihitaji moto: krimu ya chia na machungwa.

Chia ni mbegu ndogo, nyeusi au nyeupe, yenye asili ya Meksiko na Guatemala. Leo inalimwa pia karibu nasi, nchini Uganda. Ukiilowesha, inatoa utelezi na kunywa maji kufikia mara kumi ya uzito wake. Ndiyo sababu krimu inakuwa nzito bila kupikwa.

Gramu 30 za chia, karibu vijiko vitatu vya mezani, zina takriban gramu 10 za nyuzi zinazosaidia tumbo na gramu 5 za protini, pamoja na kalsiamu na madini ya chuma. Vitamini C ya machungwa inasaidia mwili kupokea chuma hicho. Na kwa kuwa moto unapunguza vitamini C, hapa kutopika ni faida.

Namna ya kutengeneza

Kwa watu wawili, tafuta vijiko 4 vya mezani vya chia, machungwa 3, nusu ya ndimu na glasi moja ya maziwa. Kamua machungwa mawili na ndimu. Changanya maji yake na maziwa na chia ndani ya bakuli. Usishangae maziwa yakiganda kidogo, ni kwa sababu ya ukali wa ndimu. Koroga, ngojea dakika 10, kisha koroga tena ili mbegu zisishikane. Funika na uweke ndani ya frigo kwa saa mbili, au usiku mzima. Wakati wa kula, katia chungwa la tatu juu yake. Asali kidogo inatosha kwa anayetaka utamu, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Wasio na frigo, au ambao umeme umekatika, watumie maji safi mahali pa maziwa na kula krimu baada ya nusu saa hivi. Isilale hadi kesho.

Hatari iko ndani ya bido

Chakula kisichopikwa hakina moto wa kuua vijidudu. Katika miji ya kando ya ziwa Kivu, ambako watu wengi wanachota maji ziwani, jambo hilo si dogo. Mwaka 1994, kolera iliua maelfu ya wakimbizi Goma, na hadi leo ugonjwa huo unarudi mara kwa mara mashariki mwa Congo. Basi maji ya krimu, ya kukoroga maziwa ya unga, ya kuosha machungwa, bakuli na mikono, yawe yamechemshwa au yametiwa klori. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe kwanza, kisha yapoe. Usitegemee ukali wa ndimu kusafisha maji.

Jambo lingine: chia isimezwe ikiwa kavu. Mwaka 2014, madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mtu wa miaka 39 aliyemeza kijiko cha chia kavu kisha akanywa maji. Mbegu zilivimba na kumziba umio, ikabidi zitolewe hospitalini. Anayepata shida ya kumeza ajiepushe nayo, na anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu aulize munganga kwanza.

Makala yanayobaki kwenye mfuko asubuhi yanaweza basi kufanya kazi moja muhimu zaidi: kuchemsha maji ya kunywa ya siku nzima.