Koko Aende Shuleni: Mila ya Hadithi Bagira

Bagira, mtaa wa Bukavu mashariki mwa Kongo, haikuanza kama kijiji. Ilijengwa miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, shirika ambalo wakoloni Wabelgiji waliliunda mwaka 1952 ili kuwapatia nyumba wafanyakazi wa mijini. Nyumba zilipimwa kwa ajili ya baba mwenye kazi, mke wake na watoto wao. Bibi na babu hawakuwamo katika ramani ile, maana ilidhaniwa watabaki vijijini, Kabare, Walungu, Mwenga au Shabunda.

Hata hivyo, koko, ndivyo bibi na babu wanavyoitwa hapa, walikuja. Mmoja aliitwa kumlea mtoto mchanga, mwingine alifuata matibabu, na wengi waliletwa na vita vilivyofanya kijiji kisikalike. Ndivyo Mshi, Mlega, Mhavu na Mfuliro walivyojikuta wakigawana uwanja mmoja, na wajukuu wao wakikua kwa lugha moja, Kiswahili cha Bukavu.

Katika mila za Kivu, koko na mjukuu wana utani ambao baba na mama hawaruhusiwi. Bibi humwita mjukuu wa kiume “bwana wangu”, naye mjukuu hujibu bila kuogopa kofi. Utani huo ndio mlango wa hadithi. Baba akisema, mtoto hutii. Koko akisema, mtoto huuliza. Saa yenyewe ni usiku, bugali ukishaliwa na makaa ya mwisho yakibaki kwenye jiko la mbabula, kwa kuwa mchana ni wa kazi.

Msikilizaji naye ana wajibu. Hadithi huwa na wimbo unaorudi mara kwa mara, na wimbo huo ni wa watoto kuuimba. Wakinyamaza, koko husimama: kumbe wamelala, na hadithi haisimuliwi kwa waliolala. Kesho yake mkubwa humsimulia mdogo wake, naye koko husikiliza pembeni na kukemea: “Umeruka wimbo!” Bagira imeongeza desturi yake juu ya hizo. Hadithi husimuliwa kwa Kiswahili, lakini wimbo hubaki katika Mashi au Kilega, na mtoto asiyejua lugha ya kijiji huimba kwanza, kisha huuliza anachokiimba.

Kwa wakubwa, Walega wana njia nyingine ya kufundisha: kamba inayotundikwa vitu vidogo vidogo, gamba, unyoya, kipande cha mti, kila kimoja kikiwa na methali yake. Ukigusa kitu, mzee hukuambia neno. Wanyanga wa Walikale wana utendi wa Mwindo, ambao mwaka 1956 msimulizi Rureke aliutoa kwa siku nyingi mfululizo, na mwaka 1969 watafiti Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga, wakauchapisha. Humo baba anamkataa mwanawe, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anaokoka, anamfuata baba yake mpaka kuzimu, na mwisho wanapatana na kugawana utawala. Ugomvi wa vizazi, basi, si jambo jipya lililoletwa na simu. Wahenga waliujua, na waliusimulia mpaka kwenye mapatano.

Kilichopungua Bagira ni saa. Mama anarudi sokoni giza limeingia, mtoto ana kazi za shule, na pakiwa na umeme, televisheni ndiyo inayosema. Koko bado anazo hadithi, ila hana watu wa kuwaimbisha. Shule, kwa upande wake, inao watoto kupita kiasi tangu elimu ya msingi ifanywe ya bure mwaka 2019. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inakubali lugha za taifa na za mazingira darasani. Kwa hiyo mlango uko wazi. Kinachohitajika ni kumwalika koko, na kumwalika pamoja na mila yake.

Akisimamishwa mbele ya ubao, watoto wakiandika na baadaye wakaulizwa katika mtihani, hiyo si hadithi tena. Watoto wamzunguke, waimbe, wabishane naye. Mwalimu akae chini miongoni mwao. Jioni kila mtoto akasimulie nyumbani, ili koko wa nyumba ya pili aseme, “Sisi tunaimaliza vingine,” na aje naye wiki inayofuata.

Tena koko ana zaidi ya sungura na chui. Mtoto wa Bagira hudhani sambaza, wale samaki wadogo, wamekuwa katika Ziwa Kivu tangu dunia iumbwe. Mzee anajua kwamba waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Bagira yenyewe ilipokuwa ikijengwa. Wapo wanaokumbuka mwaka 1967, mamluki wa Jean Schramme walipoushika mji wa Bukavu, na wengi zaidi wanakumbuka vita vya 1996. Watoto waliosikia waasi wa M23 wakiingia Februari 2025 wanastahili kujua kwamba walio mbele yao walipita pagumu kabla yao, na walipitaje: nani aliwaficha, walikula nini, walirudije.

Hapa pana hatari, maana mzee hubeba pia machungu, na machungu ya Kivu mara nyingi yana jina la kabila. Dawa yake iko katika Bagira yenyewe. Asialikwe koko mmoja peke yake. Waalikwe wawili, Mshi na Mlega, Mhavu na Mfuliro, kila mmoja asikie mwenzake anasema nini mbele ya wajukuu wa wote. Mzee hupima maneno anapojua kwamba jirani yake anasikia, na kwamba watoto watayabeba mpaka nyumbani kwa jirani huyo.