Tangawizi iliyokatwa na nyonga iliyovunjika

Chukua tangawizi ya Same, uikate vipande vyembamba kuanzia kwenye ncha. Kipande cha kwanza kinaonyesha viduara viwili vilivyoachana, ukadhani ni tangawizi mbili. Endelea kukata: viduara vinasogeleana, vinagusana, vinakuwa kimoja. Kumbe vilikuwa vidole vya tangawizi ileile.

CT-Scan humsoma mgonjwa hivyohivyo. Tuseme kijana wa Ngujini ameanguka na bodaboda akishuka mlima, nyonga imevunjika, amefikishwa hospitali ya KCMC, Moshi. Eksirei ya kawaida hulaza mifupa yote kwenye picha moja, wa mbele ukamficha wa nyuma. CT-Scan humzungushia mionzi, kisha kompyuta hukokotoa mamia ya vipande na kukipa kila kitone namba yake: maji 0, hewa hasi 1000, mafuta karibu na hasi 100, mfupa mgumu hata kupita 1000. Kipimo hicho kina jina la Mwingereza Godfrey Hounsfield, ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, mwaka uleule KCMC ilipofunguliwa.

Umbo kamili hupatikana kwa kuiamuru kompyuta ifiche kila kitone kilicho chini ya namba fulani. Nyama na mafuta vinatoweka, nyonga inabaki. Daktari wa mifupa anaigeuza kwenye skrini, anauondoa mfupa wa paja ili achungulie ndani ya kikombe cha nyonga unamokaa, na anajua pa kupasulia kabla hajashika kisu. Kwangu mimi hii ni mojawapo ya kazi nzuri kuliko zote ambazo kompyuta imemfanyia binadamu.

Ila picha hiyo inavutia kiasi cha kuweza kupotosha. Vipande vikiwa vinene, milimita 5 kwa mfano, mfupa laini unatokea na ngazi kama matuta ya mashamba ya mlimani, na ufa mwembamba unamezwa. Namba ya kufichia ikiwekwa juu mno, mfupa wa bibi uliopungukiwa madini unaonekana na tundu ambalo halipo. Kwa hiyo bingwa wa radiolojia, hata akiwa na umbo zuri mbele yake, hurudi kukagua vipande kimoja kimoja.

Mgonjwa wako akipewa rufaa kwenda hospitali nyingine, usibebe filamu peke yake. Filamu ina picha chache alizochagua mtu. Omba CD yenye vipande vyote, hasa vile vyembamba, ili huko mbele waweze kuijenga nyonga upya bila kumrudisha kijana kwenye mionzi.