Boila Isiharakishwe

Mvuke tunaujua. Kakira, karibu na Jinja, makapi ya miwa huchomwa kuchemsha maji. Viwanda vya nguo vya Jinja na Mbale vilitumia mvuke kutia vitambaa rangi.

Bomba la chuma la mita 5, joto likiongezeka digrii 100, hurefuka kama milimita 6; likipoa hurudi. Moto ukichochewa ghafla, au maji baridi yakiingizwa katika boila iliyokauka, sehemu moja hutanuka au husinyaa kabla ya nyingine. Maungio hupasuka, mvuke humchoma aliye karibu.

Basi msimamizi akituambia tuharakishe, tudai muda wa kupasha boila uandikwe na kubandikwa ukutani. Saa zilizopotea hulipika. Ngozi ya mwenzetu hailipiki.