Ahadi na Uwajibikaji wa Mtu Binafsi katika Hadithi Fupi: Mifano kutoka Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi ahadi iliyovunjwa inavyoijenga hadithi fupi na kuibua suala la uwajibikaji wa mhusika. Hadithi tatu zinarejelewa: "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, pamoja na "Masharti ya Kisasa" na "Tulipokutana Tena" za Alifa Chokocho. Inabainishwa kwamba hadithi hizi zinakiri nguvu za umaskini na shinikizo la jamii, lakini hazimwondolei mhusika dhima ya neno lake.

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Deni halikamiliki bila mdai, mdaiwa na siku ya kulipa. Muundo huo unaafikiana na hadithi fupi, ambayo huwa na wahusika wachache na hujikita katika tukio moja kuu. Riwaya yaweza kumpa mdaiwa sura nzima za kujitetea. Hadithi fupi humfikisha mapema mbele ya mdai wake.

Mkusanyiko huu, ambao zamani uliteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari nchini Kenya, mara nyingi ulisomwa kwa kuorodhesha maudhui: utabaka, umaskini, mabadiliko ya kijamii. Orodha hiyo si kosa. Hata hivyo, inapokuwa ndiyo jibu la pekee, kila uovu huwa umetendwa na "jamii", na mwanafunzi hujifunza kwamba hakuna mtu aliyeutenda.

Ahadi iliyotamkwa

Katika "Mapenzi ya Kifaurongo", Dennis, kijana wa familia maskini, anapendwa na Penina, binti wa familia tajiri, wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu. Dennis anatilia shaka mapenzi yanayovuka tabaka; Penina anamhakikishia kuwa umaskini wake si kikwazo. Masomo yanakwisha, kazi haipatikani, na hatimaye Penina anamfukuza.

Ni rahisi kulilaumu tabaka. Lakini Penina aliujua umaskini wa Dennis tangu mwanzo. Ndio hasa alioahidi kuuvumilia. Hali iliyomfanya avunje ahadi si ngeni, bali ni ileile iliyotajwa alipoahidi. Kwa hiyo, kosa lake linaanza kabla ya siku ya kumfukuza Dennis: linaanza pale anapoahidi kitu ambacho hajakipima. Dennis naye hana budi kujiuliza kwa nini aliinyamazisha shaka yake.

Ahadi ya masharti

Dadi, mchuuzi wa samaki katika "Masharti ya Kisasa", anakubali masharti ya Kidawa ili amwoe: wasaidiane kazi za nyumbani na wapange uzazi. Kwa vitendo anayatimiza, moyoni anayanung'unikia. Kejeli za watu zinamchoma, na kazi ya mkewe inamtia wivu. Mwishowe anamnyemelea Kidawa kazini, anapanda juu ili achungulie, anaanguka na kuumia.

Hapa uvunjaji wa ahadi ni wa ndani. Dadi hakuacha kuosha vyombo. Aliacha kumwamini mtu aliyeahidi kuishi naye kwa usawa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, ingawa msomaji humwonea huruma, kwani kejeli zile zilikuwa za kweli. Huruma hiyo haifuti ukweli kwamba uamuzi wa kupanda ulikuwa wake peke yake.

Ahadi isiyotamkwa

"Tulipokutana Tena" inaleta utata zaidi. Bogoa, akiwa mtoto, anakabidhiwa kwa Bi. Sinai kwa matumaini ya malezi bora. Anapata utumishi na mateso badala yake. Miaka mingi baadaye anawasimulia rafiki zake wa utotoni, akiwa bado na uchungu dhidi ya wazazi waliompeleka.

Mtoto hakuingia katika mapatano yoyote, ila kila mzazi ana deni kwa mwanawe hata asipolitamka. Umaskini unaeleza kwa nini wazazi walimtoa Bogoa. Kumwumiza mtoto, kwa upande mwingine, ni tendo la Sinai, na hakuna ufukara uliomlazimisha. Hadithi inamtaka msomaji agawe lawama kwa haki, kila mtu na fungu lake.

Hitimisho

Kueleza sababu ya tendo si kulihalalisha. Mwalimu wa fasihi anaweza kuendeleza usomaji huu kwa maswali matatu: Nani aliahidi, hata kwa kimya? Alijua nini alipoahidi? Alikuwa na njia gani nyingine alipovunja? Maswali hayo hayapuuzi utabaka wala umaskini. Yanauweka uzito wake mahali pake, kisha yanamrejesha mhusika mbele ya mdai wake. Kijana anayezoea kumwuliza mhusika maswali hayo anaanza pia kujiuliza mwenyewe.