Rangi Huchagua Dirisha Lake

Anayeingia nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu hupokewa na mwanga mkali wa kiwanda, ule ua wa ndani usioezekwa. Kutoka hapo hupita kumbi mbili, msana wa tini, yaani wa chini, kisha msana wa yuu, wa juu, hadi afike ndani, chumba cha faragha kilicho nyuma kabisa. Kila anaposogea, mwanga unapungua. Hata hivyo chumba cha ndani hakina giza la pango. Ukuta wake umepambwa kwa zidaka, yaani vishubaka, za plasta nyeupe ya chokaa ya matumbawe yaliyochomwa tanuruni, na ukingo wa kila kidaka unaudaka mwanga mdogo uliofika na kuurudisha chumbani.

Mafundi wale walijua kwa macho jambo ambalo leo hupimwa kwa tarakimu. Kila rangi ina kiwango chake cha kurudisha mwanga: nyeupe safi hurudisha asilimia 80 au zaidi, kijivu cha kati huweza kurudisha 40. Pengo hilo linaonekana dogo mpaka ikumbukwe kwamba mwanga wa dirishani haugongi ukuta mara moja. Unaruka kwenda wa pili, wa tatu. Ukigonga mara 3, kuta nyeupe zinakuwa zimebakiza asilimia 51 ya mwanga ulioingia. Za kijivu zimebakiza 6. Ndiyo maana chumba cha nyuma kilichopakwa kijivu cha kwenye picha za intaneti huwashiwa taa saa nane mchana.

Picha hizo zina tatizo la pili. Nyingi hutoka Ulaya na Marekani, ambako chumba kinachotazama kaskazini hupata jua kidogo sana, na wenyewe hushauriwa wakipake rangi za umanjano ili kichangamke. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Hapa jua la saa sita hukaa upande wa kaskazini tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba, ndipo linahamia kusini. Ushauri ule ukinakiliwa ulivyo, unapotosha.

Kwa nyumba za huku, la kuuliza kwanza ni kama dirisha linatazama mashariki au magharibi. Jua linapoinama jioni, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi. Buluu inatawanyika njiani na kinachofika ukutani ni umanjano na wekundu. Kuta za krimu katika chumba cha magharibi huiva kama embe ifikapo saa kumi na moja, na buluu mpauko hufifia ikawa kijivu. Chumba kinachoona anga tupu bila jua hupata mwanga wenye ubuluu, na hapo nyeupe tupu huonekana baridi. Tone la manjano kwenye ndoo huiponya.

Giza linapoingia, jicho lenyewe hubadilika. Mwaka 1819 mwanasayansi wa Bohemia, Jan Evangelista Purkyně, aliona kuwa maua mekundu yaliyong'aa mchana yalionekana karibu meusi alfajiri. Katika mwanga hafifu, kazi hupokewa na seli za jicho ambazo wekundu haziuoni vizuri. Sebule ya rangi ya damu ya mzee, fahari ya mchana, huzama mapema kuliko ya kijani.

Kadi ya dukani, iliyotazamwa chini ya taa, haiwezi kuonyesha yote haya. Ni heri kununua kopo dogo na kupaka kipande cha plaiwudi mikono miwili. Kisha kisimamishwe wima, maana kikilazwa kinapokea mwanga tofauti na wa ukuta, kwanza karibu na dirisha, halafu kwenye kona ya mbali, na kitazamwe saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi na moja jioni. Mwenye nyumba atazame na nje pia. Mwembe uliosimama mbele ya dirisha hutia ukijani kwenye ukuta mweupe, na ua lenye udongo mwekundu hutia uwaridi kwenye dari.