Kovu Halina Tarehe

Mwezi uliopita, Kilimarondo, baba mmoja wa makamo alikunja mkono wa shati, akaulaza mkono wake juu ya meza yangu kama anayeuza samaki. Kovu lilianzia kwenye kifundo, likapita kiganjani, likaishia pale kilipokuwa kidole cha shahada. "Dokta, jionee mwenyewe. Nikifika Dodoma wakaliona hili, si watanilipa?"

Swali hilo nimeulizwa Nachingwea mjini, nimeulizwa Ruangwa na vijana wa machimbo ya kinywe, nimeulizwa hata msibani, sahani ya wali ikiwa mkononi. Naliandikia jibu leo ili anayefuata nimkabidhi gazeti. Hapana. Hawatakulipa kwa sababu wameliona.

Imani kwamba rufaa ya fidia ya ulemavu ni safari ya kwenda kuonekana ina mizizi mirefu huku kwetu. Nadhani inalishwa na ile hadithi tamu ya ufagio. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari Waafrika wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu katika Vita ya Kwanza ya Dunia, waliokuwa wangali hai. Ofisa wa benki akafika Mwanza na fedha, wazee wakajitokeza kwa wingi, lakini waliokuwa na vyeti vya mwaka 1918 walihesabika kwa vidole. Basi ofisa akampa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea, wote wakalipwa. Katika mkoa ambao babu zetu walipigana pale Mahiwa Oktoba 1917, hadithi hii haichoshi. Nami naipenda.

Lakini angalieni ufagio ule ulithibitisha nini. Ulithibitisha kwamba mzee aliwahi kuwa askari, basi. Haukuthibitisha kwamba goti lake liliharibika Mahiwa na si kwenye mkorosho wa shemeji yake, wala haukupima goti limeharibika kiasi gani. Mwamuzi wa fidia ya ulemavu, awe wa jeshi au wa kiraia, ana maswali matatu: ulikuwa kazini? Umepata madhara gani? Je, madhara hayo yametokana na kazi hiyo? Kovu linajibu la pili tu, tena nusunusu. Kovu halina tarehe. Panga la shambani na msumeno wa kiwandani vyote huacha mshono ule ule, na mimi niliyeshona maelfu siwezi kukuambia kwa kuutazama kipi kilikukata.

Na machozi? Watoto sita, mke mgonjwa, nyumba imeezuliwa? Nayasikia, na usiku yananinyima usingizi. Kwenye rufaa hayana safu ya kuandikwa. Hata Marekani, yenye hazina nono, haikuweka mlango wa huruma. Tangu Februari 2019, askari mstaafu aliyekataliwa huchagua moja: alete ushahidi mpya unaohusika na dai, aombe ofisa mwandamizi apitie faili lile lile bila kuongeza kitu, au aende kwenye Bodi ya Rufaa. Upendeleo anaopewa ni mmoja, nao ni mkubwa: ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, yeye ndiye mshindi. Lakini lazima kwanza uwepo wa kuwekwa kwenye mizani.

Hapo ndipo vishoka wanapopatia riziki. Kishoka anakuja na mkoba, anataja jina la mkubwa fulani, anasema atakupandishia asilimia ya ulemavu. Mtu mmoja ninayemfahamu alimpa kishoka fedha ya korosho za msimu mzima. Alicholetewa ni nakala ya barua yake mwenyewe ya kukataliwa, imegongwa muhuri mwekundu. Niliusoma muhuri kwa miwani: ulikuwa wa duka la pembejeo.

Tena hata hiyo asilimia wengi wanaielewa kichwa chini miguu juu. Inapima kilichopungua mwilini, haipimi kilichopungua mfukoni. Kwenye jedwali la Uingereza gumba chote ni asilimia 30, kidole cha shahada 14, kiganja kizima 60, uwe fundi cherehani au mwalimu wa hesabu. Wala hazijumlishwi kama gunia juu ya gunia. Kwa Wamarekani, 50 na 30 si 80: ile 30 inachukuliwa kwenye nusu ya mwili iliyobaki, inapatikana 65, inasogezwa kuwa 70. Kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara cha kutazama ni mpaka mmoja. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Kutoka 28 hadi 31 ni vita halali. Kutoka 8 hadi 9, pima nauli kwanza.

Sasa njia, haraka haraka. Mfanyakazi aliyeajiriwa, serikalini au kwa mtu binafsi: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, na anayechangia ni mwajiri, si wewe. Taarifa itolewe ndani ya miezi 12; usikae ukisubiri bosi arudi safari. Ukikataliwa, omba Mkurugenzi Mkuu apitie uamuzi wake, usiporidhika, Waziri, usiporidhika tena, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Wazee wa vita vya Kagera, Mfuko huo haurudi nyuma hadi 1979: dai lenu linapita jeshini na Wizara ya Ulinzi. Na kila mtu, kabla ya yote, asome sababu ya kukataliwa. Imeandikwa kwenye barua. Rufaa hujibu sababu hiyo, haijibu nyingine.

Barua ya yule baba wa Kilimarondo ilisema haikuthibitika kwamba aliumia kazini. Nikamwomba daftari la zahanati. Akalitoa kwenye mfuko wa rambo, la kurasa 40, jalada limeliwa na mchwa, kurasa mbili zimegandana kwa mafuta ya taa. Tukazibandua kwa wembe. Tarehe ilikuwepo, saa ilikuwepo, na chini yake sentensi moja: "Amejikata mkono." Haikusema kwa nini, haikusema wapi. Tabibu aliandika tunavyosema sote, maana mtu akiteleza na kisu naye tunasema amejikata. Lakini mwamuzi aliye mbali, asiyejua kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba huyu wala zamu yake ya usiku, anaisoma silabi hiyo "ji" na kumwona mtu nyumbani kwake akimenya muhogo.

Nikamwuliza nani alimfikisha zahanati usiku ule. Akanyoosha ule mkono wenye kovu kuelekea mlangoni. Mwenzake wa zamu, aliyempakia kwenye pikipiki huku damu ikimlowesha mgongo, ndiye aliyemsindikiza hata leo, naye alikuwa amekaa nje kwenye benchi tangu asubuhi. Tangu ajali itokee, hakuna aliyewahi kumwomba aandike hata mstari mmoja.